Eya fraya ya elfu nane na nusu: chipsi hapana, weji ndiyo

Haya jamani, asalaam alaykum, karibuni tena jikoni. Ile eya fraya, mashine ya umeme ya kukaanga kwa hewa ya moto, mlionisumbua nayo kwenye komenti hii hapa, nimeinunua mjini kwa pesa zangu elfu nane na mia tano, sijapewa na mtu. Lita nne, wati 1500, mengine yako kwenye boksi mtajisomea, mie nataka twende kwenye viazi.

Viazi ni aina ya Shangi, nimevitoa sokoni Kongowea, Mombasa, leo asubuhi. Shangi huchipua upesi so nunua vya kutumia, na usivitie friji tafadhali, wanga hugeuka sukari ukikaanga vinakuwa vyeusi nje na ndani havijaiva.

Chipsi kwanza. Nimekata, nimeosha mpaka yale maji ya utusitusi yakaisha, nimevifuta vikakauka, kijiko kimoja cha mafuta, digrii 200, dakika kumi na nane. Sasa tazama. Hiki kimekauka kama kijiti, hiki chengine mwaona kinavyopinda? Vimetoka kikapu kimoja! Hii si chipsi jamani, na nimejaribu mara nne. Chipsi ni karai, tena mara mbili: moto wa wastani dakika tano sita viive vikiwa bado vyeupe, unatoa vinapoa, halafu mafuta yakiwa makali unavirudisha dakika mbili tatu. Basi.

Lakini weji, yaani vile vya kukata robo na maganda yake, hapo ndio nimeipenda hii mashine na nataka muone pole pole. Maji yanachemka, chumvi, na nusu kijiko cha chai cha soda ya kupikia. Viazi dakika saba. Namwaga, sasa mkono huu nishike simu... nikivirusha ndani ya sufuria hivi, mwaona kingo zinavyochubuka, vinafanya kama uji uji kwa juu? Ndio twautaka huo, ndio utakaokuwa ukoko, soda imelainisha ile sehemu ya nje. Mafuta vijiko viwili, bizari ya pilau kidogo, pilipili ya unga, thomu nitatia mwisho maana huungua. Digrii 200. Moto wake uko juu pamoja na feni, so vya juu hukimbilia rangi vya chini vimekaa na mvuke, kwa hivyo dakika ya kumi toa kikapu utikise. Sikiliza sasa, hapa ni dup dup, bado. Dakika kumi tena... haya sikiliza. Kacha kacha kacha! Mmesikia? Sauti hiyo ndio saa yangu, mlio wa mashine siusikilizi kabisa. Navunja kimoja, ona mvuke, ndani kama pamba.

Stima haifiki yuniti moja hapo, na bei ya mafuta mwaijua. Kinachoniudhi ni hiki kikapu, lita nne wanasema lakini ni viazi vinne vikubwa tu, ukijaza vinapikika kwa mvuke. Sisi watu saba, napika awamu tatu na vya kwanza vishapoa. Kuna zile zenye kioo mbele, nimeziona za elfu kumi na nne, kioo sikihitaji, masikio ninayo. Mwenye oveni ya gesi nyumbani asinunue hii, tia treya ipate moto kwanza ndani ndio umwage viazi, dakika arubaini, na chakula cha nyumba nzima kinatoka mara moja.

Kabla sijasahau, tumebakisha watu wachache sana kufika elfu kumi, bonyeza hapo chini. Na wanaouliza viazi karai ndani ya eya fraya, lile rojo la unga litachuruzika lote kwenye matundu kabla halijashika, hata msijaribu, Ijumaa navipika kwa mafuta na ukwaju wake. Mwanangu nifikishie ile achari ya embe hapo, nionje hivi kabla havijapoa.