Uzoefu wangu: mafunzo ya kulea njiti kabla ya ruhusa, Kigoma

Mtoto wetu alizaliwa kabla ya muda, kilo moja na nusu hivi, akalazwa wodi ya watoto wachanga mahututi hapa Kigoma. Kabla hawajakuruhusu wanakupa mafunzo ya kumlea nyumbani. Naandika kama baba, maana kina mama wameshasema mengi.

Kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi ili apate joto, ndiyo iliyonikosha. Nesi hakuhubiri. Alinivulisha shati, akamlaza mtoto wima kifuani, ana nepi, kofia na soksi tu, kichwa kimegeukia pembeni pua ipate hewa, miguu imekunjika kama ya chura. Akafunga kitenge, ukingo wa juu ukaishia chini kidogo ya sikio. "Haya baba, fungua, ufunge mwenyewe." Nikarudia mpaka akaridhika. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto akae hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku, sasa mama peke yake ataweza wapi? Lazima mpokezane.

Walichonifurahisha zaidi ni kumruhusu mama mkwe aingie. Kwetu Ujiji anayemwogesha mtoto ndiye mwenye amri, na alishaandaa dawa ya mchango. Nesi akamwambia kwa adabu zote: "Bibi, shikamoo. Huyu kwanza apate joto, kuoga kutasubiri. Na tumboni ni maziwa ya mama tu." Bibi akakubali. Ningeyasema mimi hayo, pangechimbika.

Dalili za hatari nazo walizifundisha vizuri: unahesabu pumzi dakika nzima mtoto akiwa ametulia, zikifika 60 au zaidi unarudi hospitali. Vilevile kifua kikibonyea, akigoma kunyonya, akipata degedege, au mwili ukiwa wa moto au wa baridi.

Sasa lawama. Kukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe tulifundishwa asubuhi ya ruhusa, haraka haraka, faili linasubiri sahihi. Kikombe kinagusa mdomo wa chini, mtoto anaramba mwenyewe, hamiminiwi. Jambo hilo linahitaji mazoezi, na mke wangu mikono ilikuwa inamtetemeka. Hakuna aliyemuuliza analala vipi wala anajisikiaje. Karatasi tuliyopewa ni fotokopi iliyofifia, bibi hakuambulia herufi hata moja.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Mkiwa na njiti wodini, ombeni somo la kikombe mapema, na bebeni kitenge kipana cha pamba. Vile vya kung'aa vinateleza.