Kanda za rili SM911 na LPR35 baada ya misimu miwili ya mvua Rungwe

Katika misimu miwili ya mvua iliyopita nimerekodi kwaya za vijiji vya Rungwe kwa mashine ya rili ya Revox B77, nikitumia kanda mpya za aina mbili, SM911 na LPR35, ambazo kampuni ya RTM hutengeneza Avranches, Ufaransa, kwa fomula zilizotokana na zile za kampuni za Kijerumani AGFA na BASF. Tathmini hii ni kwa wanaotaka kurekodi kwa analojia huku Nyanda za Juu Kusini, ambako unyevu ndio adui wa kwanza wa kanda.

Nilianza vibaya, kwa kununua kanda za zamani za Ampex 456 zilizokuwa bado hazijafunguliwa. Katika kanda nyingi za aina hiyo zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1970, gundi inayoshikilia chembe za sumaku hufyonza unyevu wa hewa na kuharibika, hata kanda ikiwa imekaa ndani ya boksi lake. Yangu ilitoa mlio mkali, ikanata kwenye vichwa vya mashine na kuacha uchafu wa kahawia, nami nikalazimika kusimamisha kazi mbele ya wanakwaya waliokuwa wamekanyaga matope tangu alfajiri kuja kuimba. Kanda ya namna hiyo ikipashwa joto la takribani nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa kadhaa huweza kusikilizika tena kwa muda, lakini hiyo ni tiba ya kuokoa sauti ya zamani, wala haifai kutegemewa kwa kurekodi sauti mpya.

SM911 ina unene wa takribani mikroni 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na LPR35 mikroni 35. Kwa hiyo rili ya sentimita 26.5 hubeba mita 762 za ile ya kwanza au mita 1,100 za ile ya pili, yaani dakika 66 au zaidi ya saa moja na nusu kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde. Mazoezi na ibada ndefu nimeziachia LPR35.

Kwa nyimbo zenyewe nimechagua SM911, na sababu yangu kubwa ni ukimya. Kanda ikikaa imeviringwa, usumaku wa mzunguko mmoja huacha kivuli kwenye mzunguko wa jirani, na kanda ikiwa nyembamba kivuli huzidi. Katika kwaya isiyo na vyombo hujitokeza waziwazi: mwanzo wa wimbo unasikika kwa mbali, dhaifu, sekunde mbili tatu kabla waimbaji hawajaanza. SM911 haikiondoi kivuli hicho, ila hukipunguza kiasi kwamba hakinikeri tena. Sauti ya nne, yaani besi, nayo hutoka ikiwa imeshiba, mradi bayasi ya mashine (mawimbi ya umeme yasiyosikika yanayochanganywa na sauti wakati wa kurekodi) irekebishwe kwa kanda husika. Kuhama kutoka aina moja kwenda nyingine bila marekebisho hayo ni kuidhulumu kanda.

Nikimaliza kurekodi siirudishi kanda mwanzo. Naihifadhi ikiwa imeishia kwenye rili ya kulia, ili kivuli kilicho kikubwa zaidi kije baada ya sauti, ambako mwangwi wa kanisa hukifunika, kisha naifunga kwenye mfuko wa plastiki wenye silika jeli, chembe za kufyonza unyevu, na kuisimamisha rafuni, mbali na sakafu ya saruji.