Laana Tatu Zisizosameheka: Tathmini ya Kitabu cha Nne cha Harry Potter

Harry Potter and the Goblet of Fire, kitabu cha nne katika mfululizo wa J. K. Rowling kuhusu Harry, mvulana anayesoma katika shule ya uchawi, kilitoka Julai 2000, na nakala zilizokwisha kusomwa huonekana mara kwa mara kwenye meza za vitabu vya mitumba Mwanjelwa, zimebanwa kati ya kamusi kuukuu na vitabu vya maswali ya mitihani. Nilinunua yangu kwa shilingi 10,000. Wazazi wengi hapa Mbeya huniuliza kama kinafaa kwa watoto, na wanachokihofia hasa ni zile laana za kuua na kutesa ambazo ndani yake zinatajwa kwa majina. Hofu hiyo siidharau hata kidogo. Tanzania ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, na mwanzoni mwa 2019 jirani zetu wa Njombe walizika watoto waliouawa katika matukio yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Mwandishi anayechezea jambo hili bila kulielewa hastahili kupewa nafasi mezani kwa mtoto. Kwa maoni yangu Rowling analielewa, isipokuwa katika sehemu mbili nitakazozieleza.

Laana zenyewe ni tatu, nazo zinafundishwa katika sura ya 14. Imperius humnyang'anya mtu utashi wake, Cruciatus humtesa, na Avada Kedavra humuua papo hapo. Anayeielekeza mojawapo kwa binadamu mwenzake hufungwa maisha katika gereza la Azkaban. Mwalimu anatoa kwenye droo ya meza yake chupa yenye buibui watatu. Anamtawala wa kwanza, naye anacheza na kupinduka hadi wanafunzi wanaangua kicheko. Mwalimu anawauliza kama wangependa kufanyiwa hivyo wao, na kicheko kinakatika. Wa pili anakuzwa mwili kwanza ili maumivu yake yaonekane vizuri, kisha anajikunja miguu na kutetemeka, huku mwanafunzi mmoja, Neville, akiwa ameishikilia meza yake kwa nguvu kiasi kwamba mwenzake Hermione analazimika kupaza sauti ili zoezi likomeshwe. Wa tatu anakimbia huku na huko akitafuta pa kujificha, unamulika mwanga wa kijani, naye analala chali, amekufa bila hata mkwaruzo mwilini. Mwandishi angeweza kumaliza jambo hili kwa maelezo ya sentensi mbili, lakini amechagua kutuonyesha kiumbe mdogo asiye na mtetezi, na uchaguzi huo ndio unaomfanya msomaji wa miaka kumi na mitatu aone ubaya wa tendo badala ya kulitamani. Mwalimu anaongeza kwamba hata darasa zima likimwelekezea fimbo za uchawi na kutamka maneno ya kuua, hataumia, kwa kuwa maneno matupu hayaui. Mzazi anayeogopa kwamba mtoto atajifunza kitu kwa kuyakariri atapata jibu lake hapo.

Hata hivyo, sehemu iliyonigusa zaidi iko katika sura ya kwanza, kabla fimbo yoyote haijainuliwa shuleni. Familia ya Riddle, yaani mzee, mke wake na mtoto wao aliyekwisha kuwa mtu mzima, wanakutwa wamekufa nyumbani kwao. Madaktari wanachunguza na hawaoni sumu, jeraha, wala dalili ya kunyongwa. Kwa kuwa hakuna kinachoonekana, kijiji kinamgeukia mtunza bustani, Frank Bryce, mtu mkimya mwenye mguu mbovu alioutoa vitani. Polisi wanamkamata, wanakosa ushahidi, wanamwachia, lakini majirani hawamwachii. Anazeeka akiwa peke yake, watoto wa kijiji wakimchokoza na kuvunja vioo vya madirisha, na miaka ipatayo hamsini baadaye bado anahesabiwa kuwa muuaji. Nani katika nchi hii hajasikia habari ya bibi aliyeshukiwa kwa sababu macho yake ni mekundu, ilhali wekundu huo ni wa moshi wa kuni alizopikia maisha yake yote? Kifo kisicho na alama hutafutiwa mtu wa kukibeba, na kwa kawaida anayebebeshwa ni yule asiye na ndugu wa kumsemea. Rowling ameliweka jambo hilo mlangoni mwa kitabu chake, na sijawahi kuona likiandikwa vizuri zaidi katika hadithi ya vijana.

Imperius nayo imefikiriwa hadi mwisho. Baada ya Voldemort, mchawi mwovu ambaye ndiye adui mkuu wa mfululizo huu, kuanguka, wengi wa wafuasi wake, Lucius Malfoy akiwa mmojawapo, walidai kwamba walitawaliwa na hawakutenda kwa hiari yao, na hakimu anakosa namna ya kumtenganisha mwongo na aliyetendewa kweli. Katika msako wa wafuasi hao Bartemius Crouch, mkuu wa idara ya sheria, aliwaruhusu askari wake kuzitumia laana zilezile dhidi ya washukiwa. Hapa nilimkumbuka Monica Wilson, mtafiti aliyeishi miongoni mwa Wanyakyusa miaka ya 1930. Aliandika kwamba kijiji kiliamini kuwa wamo watu wenye uwezo wa siri wa kukilinda dhidi ya wachawi, na kwamba manung'uniko ya majirani yaliweza kumletea ugonjwa mtu aliyevunja desturi. Uwezo ni uleule. Ulihesabiwa halali au haramu kulingana na aliyelengwa na sababu yake. Crouch angekubaliana na fikra hiyo bila kusita. Kitabu hakikubaliani nayo, na kinaonyesha kwa kirefu jinsi ruhusa ile ilivyomharibu aliyeitoa pamoja na nyumba yake, jambo ambalo sitalifichua kwa ajili ya wale ambao hawajakisoma.

Sasa nije kwenye kasoro, ambazo zinajitokeza kadiri mfululizo unavyosonga mbele. Ya kwanza ni limbwata. Katika kitabu cha sita, kilichotoka 2005, dawa za mapenzi zinauzwa waziwazi katika duka la vichekesho la ndugu wawili wapendwa, ingawa kitabu hichohicho kinadokeza kwamba mama yake Voldemort alimpata mume kwa dawa ya namna hiyo, na kwamba mume alipozinduka alimkimbia akiwa mjamzito. Kama kumnyang'anya mtu utashi kwa fimbo ni kosa la kifungo cha maisha, kumnyang'anya kwa kikombe kunakuwaje bidhaa ya kuchekea? Msichana aliyekulia Mbeya, anayejua jinsi limbwata linavyotajwa kwenye ndoa zinazovunjika, ataliona pengo hili mara moja, na anastahili mtu wa kulizungumza naye.

Ya pili inaniuma zaidi. Katika kitabu cha mwisho, cha 2007, Harry mwenyewe anamtesa mtu kwa Cruciatus kwa sababu amemtemea mate mwalimu wake, na mwalimu huyo anamsifu. Mtu aliyeteswa ni mwovu, hilo silikatai. Lakini hiyo ndiyo hoja ya Crouch, ambayo kitabu cha nne kilikwisha kuivunja. Nilitegemea kuona mashujaa wakiwajibishwa, au angalau wakijutia, na mwandishi anapita haraka kama kwamba jambo hilo halina uzito.

Pamoja na hayo nakipendekeza kitabu cha nne kwa kijana wa kidato cha kwanza na kuendelea, ambaye Kiingereza chake kinaweza kuhimili kurasa zaidi ya 600. Mtoto wa shule ya msingi asubiri, kwa kuwa karibu na mwisho mwanafunzi asiye na hatia anauawa na kilio cha baba yake hakijalainishwa. Mnunuzi wa nakala ya mitumba akifungue katikati kabla ya kulipa, maana gundi ya kitabu kinene kiasi hiki hukauka na kurasa huchomoka kwa mafungu, kisha ahakikishe kwamba sura ya 14 na zile za mwishoni zimo zote.