Laptopu nzito Lubumbashi: dola ya kwanza iende wapi

Laptopu yenye miaka minane au kumi ikianza kuchelewa, ushauri wa kwanza utakaousikia ni kuongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa). Kwa Dell Latitude, HP ProBook na ThinkPad nyingi za okazyo (mitumba) zinazotumika hapa Lubumbashi, ushauri huo umegeuza mpangilio. Ikiwa ndani bado kuna diski ya kuzunguka, dola ya kwanza iende kwenye SSD (hifadhi ya chipu, isiyozunguka). RAM itasubiri zamu yake, na kuna tiba ambazo hazidai hata franka moja.

Pima kabla ya kwenda dukani

Washa mashine, ingoje dakika tano, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Gestionnaire des tâches fungua ukurasa wa Performance.

Kama diski imekwama kwenye 100% huku hujafungua kitu, na RAM iko nusu tu, tatizo ni diski. Kama RAM imepita 85% na diski nayo inahangaika, Windows imekosa nafasi kwenye RAM na inahamishia kazi kwenye diski. Hapo utahitaji vyote viwili, lakini bado anza na SSD. Kama vyote viwili vimetulia na kasi ya prosesa haitoki kwenye 0.79 GHz au chini yake hata unapoipa kazi, usinunue SSD wala RAM. Hilo ni suala la shaja au joto, na tutalifikia.

Ukiwa hapohapo, fungua ukurasa wa Démarrage uzime programu zinazojiwasha bila kuitwa. Acha antivirusi na dreva za sauti na padi ya kugusa. Hii ni bure, na mara nyingine inatosha.

Nafasi ya kwanza: SSD ya SATA, inchi 2.5

Diski ya kuzunguka ya laptopu, ile ya mizunguko 5400 kwa dakika, husoma faili kubwa iliyonyooka kwa takriban MB 100 kwa sekunde. Hiyo si mbaya. Inaposhindwa ni kwenye vipande vidogo vilivyotawanyika, na kuwasha Windows ni kusoma maelfu ya vipande hivyo: sindano inaruka huku na huku, na kasi inashuka hadi karibu MB 1 kwa sekunde. SSD haina sindano. Ya SATA, mfumo uleule wa diski ya zamani, hufika karibu MB 500 kwa sekunde, na kwenye vipande vidogo inaiacha diski ya zamani mbali sana. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuwaka inaweza kuwaka kwa nusu dakika.

Chukua GB 240 au 256. GB 120 hujaa haraka kwa Windows na masasisho yake, na SSD iliyojaa hupunguza kasi. Crucial BX500, Kingston A400 na WD Green zinatosha kwa Word, intaneti na kazi za chuo. Samsung 870 EVO ni bora zaidi kwa sababu ina kumbukumbu yake ya ndani (DRAM) na inavumilia kuandikwa zaidi: kwa GB 250 imepewa TB 150, wakati A400 ya GB 240 imepewa TB 80. Kwa mwanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), TB 80 ni miaka mingi. Usilipe tofauti hiyo kama pesa ni ya kuhesabu.

Kuhusu bandia, uwe mkali. SSD ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya GB 256 haina TB 2. Chipu yake imedanganywa ili ionyeshe namba kubwa, na faili zako zitapotea pale nafasi halisi inapoisha. Ukiona kibandiko cha “980 EVO”, rudisha: Samsung ina 980 na 980 PRO, 980 EVO haipo. Mwombe muuzaji aichomeke kwenye mashine yake mbele yako, afungue CrystalDiskInfo (programu inayosoma afya ya diski). Ikiwa ni mpya kweli, saa za kufanya kazi zitakuwa sifuri au chache sana, na afya 100%. Nyumbani ijaze kwa H2testw (programu inayopima nafasi halisi) kabla ya kuiwekea chochote. Mkubaliane mapema kuhusu kurudisha, na andaa noti safi, maana dola yenye mpasuko mdogo tu itakataliwa hata kama bei mmeshapatana.

Usinunue ya M.2 (ile nyembamba kama bareti ya RAM) kwa kuona tundu linaloifaa. Laptopu nyingi za kipindi cha 2014 hadi 2016 zina tundu la M.2 linalokubali SATA tu. Ukiweka ya NVMe (aina mpya na ya kasi zaidi) inaweza kuingia vizuri na BIOS (programu ya kuwashia mashine) isiione kabisa. Mara nyingi ya SATA ina mikato miwili kwenye meno yake, ya NVMe mmoja. Ukiwa na shaka, inchi 2.5 haikosei.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya bisibisi ndogo ya msalaba. Zima kabisa, toa shaja na betri (kama betri iko ndani, chomoa waya wake), shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15, gusa chuma kutoa umeme tuli mwilini. Ondoa diski ya zamani pamoja na fremu yake, hamishia SSD kwenye fremu hiyo. Diski za zamani nyingi zina unene wa milimita 9.5 na SSD ina 7, kwa hiyo usitupe fremu wala vipande vya plastiki, la sivyo italegea na kugusa vibaya. Kisha ingia BIOS uhakikishe SATA iko kwenye AHCI, siyo IDE.

Kunakili Windows ya zamani au kuanza upya? Anza upya. Uchafu wa miaka minane hauna sababu ya kuhamia nyumba mpya, na leseni ya dijitali itajirudia yenyewe kwa kuwa ubao mama ni uleule. Ukiamua kunakili kwa Clonezilla, soma kwanza afya ya diski ya zamani kwa CrystalDiskInfo: kama mstari wa C5 umepita sifuri, kuna sehemu zisizosomeka, na kunakili kutakwama katikati. Okoa hati na picha kwanza. Na usianze kazi hii kama betri haishiki, kwa sababu SNEL (kampuni ya umeme) haitakungoja umalize.

Nafasi ya pili: RAM hadi GB 8

Kutoka GB 4 kwenda 8 utaiona tofauti siku hiyohiyo. Kutoka 8 kwenda 16, kwa Chrome na Word, hutaiona.

Kosa kubwa liko kwenye aina. Soma kibandiko cha bareti (kipande cha RAM) iliyomo: PC3 ni DDR3 ya volti 1.5, PC3L ni DDR3L ya volti 1.35, PC4 ni DDR4. Meno ya PC3 na PC3L yanafanana, ndiyo maana watu hukamatwa: laptopu zenye Intel ya kizazi cha nne na cha tano zinataka PC3L, na ukiziwekea PC3 ya kawaida hazitawaka. Kwenye ukurasa wa Mémoire utaona matundu mangapi yanatumika. Kama RAM imechomelewa na hakuna tundu, sahau.

Bareti huingia kwa kuinama, kisha unaibonyeza chini hadi vishikizo viwili vya pembeni vilie. Skrini ikibaki nyeusi, itoe, futa meno yake kwa kifutio cheupe, irudishe.

Nafasi ya tatu: vumbi na pasta ya joto

Kiangazi cha Lubumbashi ni vumbi jekundu kuanzia Mei hadi mvua zirudi, na vumbi hilo halikai kwenye feni. Linajikusanya kati ya feni na mapezi ya shaba na kuwa kama kipande cha blanketi. Kupuliza kwa nje hulisukuma tu. Fungua kifuniko, zuia feni kwa kidole isizunguke, toa tabaka lile kwa brashi, futa pasta iliyokauka kwa alkoholi ya 90% na kuendelea, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Visi vya kipoza joto vina namba. Fuata namba hizo. Bomba moja la gramu 4 linatosha mashine kadhaa, kwa hiyo changeni na wenzako. Prosesa iliyokuwa ikigusa nyuzi 95 na kujipunguzia kasi itarudi kazini.

Nafasi ya nne: shaja na betri

Dell huuliza shaja yake utambulisho kupitia pini ya katikati. Isipoitambua, inakataa kuchaji na kushusha prosesa. Hapo ndipo ile 0.79 GHz inapotoka mara nyingi. Soma kibandiko: volti 19.5 na ampea 3.34 ni wati 65. Yenye ampea 2.31 ni wati 45, haitatosha mashine inayotaka 65. Kwa betri, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri na ulinganishe uwezo wa kiwandani na wa sasa. Ikishuka chini ya nusu, ibadilishe kabla umeme haujakatika katikati ya sasisho na kuharibu Windows. Ikivimba na kuinua padi ya kugusa, acha kuitumia leo.

Usinunue

Programu za “kusafisha” kompyuta, flashi ya kuongezea RAM, na feni za kuwekwa chini ya laptopu ambayo ndani imeziba.

Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa kawaida Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Mashine ya zamani zaidi yenye SSD na GB 4 itafanya kazi vizuri na Linux Mint Xfce, ambayo ni bure na ina LibreOffice. Lakini ikiwa ni Celeron yenye RAM ya GB 4 iliyochomelewa na hifadhi ya eMMC (nayo imechomelewa), weka pesa hizo kwa ajili ya i5 ya okazyo ambayo namba yake inaanza na 8, mfano i5-8250U, na uipime kwa hatua hizihizi kabla hujatoka dukani.