TAHADHARI: Ekstensheni za "5000W" zinazouzwa kwenye magrupu hapa Unguja

Asalaam alaykum ndugu zangu. Kuna kijana anapita kwenye magrupu ya simu akiuza ekstensheni nyeupe za mita 5, tundu nne, kila tundu na swichi yake, kwa shilingi elfu ishirini na tano. Anasema ni orijino ya Uingereza. Unamtumia pesa kwa simu, bodaboda anakuletea mpaka mlangoni, risiti hakuna. Msinunue. Na aliyekwisha kununua asichomeke humo birika la umeme, pasi wala jiko.

Mimi ni fundi umeme. Bimkubwa mmoja wa Jang'ombe ameniletea ya kwake baada ya kuona plagi imegeuka rangi ya chai upande wa fyuzi na waya umelainika chini ya zulia. Nimeipima kabla ya kuipasua, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Kwanza kibandiko chenyewe. Kimeandikwa "13A 250V 5000W". Nguvu ya umeme ni volti mara ampia, hesabu ya skuli hiyo. Zidisha 13 kwa 250 unapata 3250. Kwa umeme wetu wa volti 230 unapata 2990. Hizo wati 5000 zimetoka wapi? Ili zipite zingetaka karibu ampia 22, na plagi hizi za pini tatu bapa mwisho wake ni 13. Kwa hiyo kibandiko kinajiumbua chenyewe, hata mita huhitaji.

Sasa ujanja wake. Huyu kijana hakatai ujaribu, tena anakuhimiza ujaribu mbele ya bodaboda. Unachomeka chaji ya simu, simu inaingia chaji, taa nyekundu inawaka, roho inatulia. Lakini chaji ya wati 20 inavuta kama ampia 0.09 tu. Kwa mkondo mdogo namna hiyo hata uzi mbovu kabisa utaonekana mzima. Joto la waya ni mkondo (hizo ampia) mara mkondo mara ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme usipite: mkondo ukizidi mara kumi, joto linazidi mara mia. Ubovu unajitokeza kwenye mzigo mkubwa, na wakati huo bodaboda keshafika Mwanakwerekwe.

Mimi nilichomeka birika la wati 2200. Maji yakiwa yanachemka, soketi ya ukutani ilisoma volti 226, tundu la ekstensheni likasoma 214. Mita ya klampu, ile inayobana waya kupima mkondo, ilionyesha ampia 8.9. Volti 12 zimepotelea njiani. Gawa 12 kwa 8.9: ukinzani wa waya ni karibu omu 1.35. Zidisha 12 kwa 8.9: wati 107 zinageuka joto ndani ya waya na plagi. Ni sawa na kulifunika zulia juu ya globu moja ya zamani ya wati 100.

Kwenye ganda la waya kumepigwa chapa "3×1.5mm²". Ingekuwa shaba ya kweli ya unene huo, mita 5 kwenda na 5 kurudi zingekuwa na ukinzani wa kama omu 0.12, na zingepoteza volti moja tu kwa mzigo ule ule. Hii imezidi mara kumi na zaidi.

Nilipoipasua nikaelewa. Ganda nene, ndani nyuzi chache nyembamba kama nywele. Nikazikwangua kwa kisu, rangi ya shaba ikatoka, chini yake nyeupe: ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Na hilo siyo baya zaidi. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, haumo kabisa! Pini ndefu ya plagi ipo, imekaa pambo, haikuungwa na kitu. Mwenye friji au birika lenye bati la nje, chombo kikivujisha umeme, ethi ni mkono wake.

Wengine mtasema fyuzi ingekatika. Haikatiki. Ampia 8.9 ni mkondo halali kwa fyuzi ya 13, na kwa swichi kuu ya nyumba vilevile. Havijui kama waya ni mwembamba. Vitakaa kimya mpaka ganda liyeyuke na nyuzi zigusane.

Bimkubwa alipompigia, kijana akajibu eti umeme wa ZECO, shirika letu la umeme, unacheza. Umeme wetu kushuka ni kweli, nani asiyejua, lakini volti 226 na 214 nimezisoma birika likiwa linachemka, ncha mbili za waya mmoja. Hiyo tofauti ni ya waya wake. Tena birika ni ukinzani mtupu: volti zikishuka linavuta mkondo mdogo, na waya unapoa kidogo. Kisingizio chake kinakwenda kinyumenyume. Baada ya hapo akamzuia asimpigie tena.

Msiende kupima soketi yenye umeme kama hamkuzoea mita. Asiye na mita atandaze waya wote sakafuni, achemshe birika moja lisilo na bati la nje, mara hiyo tu kwa kujaribu, akiwa pale pale, kisha azime, achomoe, ndipo aushike waya na plagi. Ukiwa na joto linalosikika mkononi, ukate plagi kabisa asije mtoto akautumia.

Mlionunua, hifadhini ujumbe wa malipo, picha ya kibandiko na mazungumzo yenu naye, mpeleke malalamiko Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na bidhaa yenyewe muwaonyeshe ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar. Mimi plagi na kipande cha waya wa bimkubwa ninavyo, anayetaka kwenda navyo kama ushahidi aniambie.