Salzburg wakati wa baridi: uzoefu wangu kwenye maeneo ya The Sound of Music

Kama unaipenda The Sound of Music na unasita kwenda Salzburg, Austria, mwezi wa Januari, mimi nasema nenda. Filamu ile ya 1965, ya Maria aliyekuwa mlezi wa watoto wa Kapteni von Trapp, imejaa majani mabichi na jua, kwa hiyo wengi husubiri kiangazi, na hapo ndipo foleni za kupiga picha zinapochosha. Mimi na mama, aliyekuja kunitembelea Munich, tulikwenda baada ya masoko ya Krismasi kufungwa. Sehemu nyingi tulikuwa wenyewe.

Tulianzia bustani ya Mirabell. Ngazi ambapo Julie Andrews, anayeigiza Maria, na watoto wanamalizia ule wimbo wa noti, Do-Re-Mi, zipo vilevile, na ngome ya Hohensalzburg inaonekana kule juu. Maua hayapo wala chemchemi hazitoi maji, hilo mjue kabla. Lakini mama alipanda zile ngazi akiimba kwa sauti yake yote ya kwaya, akashuka, akapanda tena, na hakuna aliyemharakisha. Kwa hilo tu safari ilikuwa imeshalipa.

Mahali paliponigusa zaidi ni Nonnberg, nyumba ya watawa iliyopo tangu karne ya nane. Maria wa kweli alikuwa akijiandaa kuwa mtawa hapa, na mwaka 1927 alifunga ndoa na Georg von Trapp katika kanisa hilihili. Harusi ya kwenye filamu ilirekodiwa kwingine, kanisa la Mondsee nje ya mji. Masista waliruhusu kamera zifike getini, ndani hapana. Kwa hiyo lile geti ambapo watoto wanakuja kumuulizia Maria ndilo hilo unaloligusa kwa mkono wako, na yale ya ndani yalijengwa studio Marekani. Njia ya kupandia ni ngazi za mawe, na asubuhi zina barafu. Mwenye wazazi wazee awapitishe taratibu, na viatu viwe vya soli inayoshika.

Ziara ya basi ya nusu siku haikuniridhisha. Vioo vilijaa ukungu, muongozaji alikuwa na haraka, na jumba la Leopoldskron tulilionea ng'ambo ya maji kwa dakika chache kisha tukaambiwa turudi garini. Tulirudi huko wenyewe kwa miguu. Hapo ndipo Maria na watoto wanapinduka na mashua, na wakati wa baridi unalizunguka bwawa polepole huku theluji ikilia chini ya viatu. Sehemu ya mbele ya nyumba ya Kapteni inayoonekana kwenye filamu ni jengo jingine kabisa, Frohnburg, ambalo siku hizi ni bweni la wanafunzi wa muziki. Kile kibanda cha vioo cha nyimbo za mapenzi kiko kwenye bustani ya Hellbrunn. Kimefungwa, unakitazama kwa nje.

Siku yenye anga safi usiikose Untersberg. Basi namba 25 linakufikisha chini ya mlima, halafu unapanda chombo kinachoning'inia kwenye waya, na kwa kama dakika kumi uko karibu mita 1,800. Huko juu ndipo utakapoielewa filamu upya. Mwishoni familia, ikiwakimbia Wanazi, inavuka milima kwa miguu kwenda Uswisi. Simama pale utazame: upande wa pili ni Ujerumani, na chini kule ni Berchtesgaden, Hitler alikokuwa na nyumba yake. Wangevuka hapo wangeingia mikononi mwake. Familia ya kweli iliondoka mwaka 1938 kwa treni, ikaelekea Italia. Mama alinyamaza muda mrefu niliposimulia hayo.

Salzburg Card, kadi ya watalii, inalipa, kwa sababu inajumuisha mabasi, ngome na huo usafiri wa Untersberg. Kabla ya kuinunua angalia kama mlimani wanafanya kazi, maana upepo mkali husimamisha kila kitu. Jua linazama mapema, kwenye saa kumi na nusu jioni, hivyo ya nje yafanyeni asubuhi na ngome au nyumba aliyozaliwa Mozart muiachie alasiri. Mwishoni mwa Januari kuna wiki ya muziki wa Mozart, na vyumba hupanda bei.

Chakula: asiyekula nguruwe aulize hata kwenye supu. Tambi za jibini zinashibisha vizuri. Salzburger Nockerl, ute wa mayai uliookwa ukaumuka kama vilele vitatu vya theluji, agizeni moja kwa watu wawili.

Kutoka Munich treni ya mkoa inachukua chini kidogo ya saa mbili, na Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa mikoa Ujerumani, inakubalika hadi stesheni kuu ya Salzburg. Mgeni wako abebe pasipoti yenye viza, isibaki hotelini wala nyumbani: wakati wa kurudi polisi wa Ujerumani waliingia ndani ya behewa kukagua.