Dabi kwa Mkapa: kata mzunguko, achana na VIP

Aisee kama hujawahi kuingia Uwanja wa Mkapa hapa Dar siku ya Simba na Yanga na unajiuliza ukate tiketi gani, mimi nakwambia mzunguko, yaani zile siti za kawaida za bei ya chini. VIP nimeshakaa, siti nzuri na mpira unauona vizuri sana, ila kule watu wamekunja nne wanachezea simu, goli likiingia wanapiga makofi wanakaa. Shangwe lenyewe liko mzunguko.

Uwanja unabeba watu 60,000 na siku hiyo unagawanyika, huku nyekundu na nyeupe ya Simba, kule kijani na njano ya Yanga, yaani wanapokutana unapaona kabisa kwa macho. Sasa bao likiingia upande mmoja unalipuka mwingine unakaa chini, na ile kelele siyo ya kwenye tivii, inakupiga kifuani, na waliofunga wala hawaangalii tena uwanjani, wanamgeukia mtani wanamwonyesha vidole. Novemba 2023 Yanga walivyoshinda 5-1 ilikuwa mkono mzima juu, mpaka barabarani watu wanapungiana vitano, na Simba wa Msimbazi nao wanakujibu na 5-0 yao ya 2012, hakuna anayesahau hapa mjini.

Wahi. Mpira ukiwa saa 11 jioni wewe saa 8 uwe ndani, maana matarumbeta na ngoma zinaanza mapema, kuna waliojipaka rangi mwili mzima, kuna wanaokuja na jeneza la mtani wanalizungusha huku wanalia kilio cha msiba kabisa. Anayeingia dakika ya kwanza ya mchezo amekosa nusu ya raha.

Mechi za CAF, zile za klabu za Afrika, ni kitu kingine. Ile Simba wanamfunga Al Ahly ya Misri 1-0 mwaka 2019, bao la Kagere, ndo utaelewa kwa nini wanasema kwa Mkapa hatoki mtu. Na bado utakuta Yanga wamekuja kumshangilia Mwarabu, Simba nao wanafanya hivyohivyo Yanga wakiwa na mgeni. Wapo wanaosema huo siyo uzalendo, mimi sikubaliani, ukiwatoa wale uwanja unapoa, na baada ya mechi hao hao wanapanda daladala moja wanarudi mtaa mmoja.

Kinachokera kweli ni kutoka. Watu wote wanamwagikia Kilwa Road kwa pamoja, boda wanapandisha bei wanavyotaka, daladala huipati, bora utembee kidogo mbele ndo utafute usafiri. Kuja ni rahisi, unashuka kituo cha Uhasibu unafuata umati tu. N-Card, ile kadi ya kukatia tiketi, weka hela kabisa kabla, usisubiri siku yenyewe. Na mtoto mdogo usimpeleke mzunguko siku ya dabi, pale getini watu wanasukumana vibaya mno, mpeleke mechi ya ligi ya kawaida kwanza azoee kelele.